Kesi iko mahakamani, hesabu zinafungwa: namna ya kuandika madai, suluhu na dhima tarajiwa

Kampuni nyingi ninazozifungia hesabu hapa Dodoma hukwama mahali pamoja. Mkaguzi anauliza, "Mna kesi?" Mhasibu anajibu, "Tunayo, lakini bado iko mahakamani, kwa hiyo hatujaandika kitu." Hesabu zinarudishwa. Mwingine, kwa kuogopa kurudishiwa, anaandika kiasi chote alichotaja mdai kwenye hati ya madai, hata kile kilichotajwa kwa ajili ya kutisha tu. Nazo zinarudishwa.

Wote wawili wamejibu swali ambalo halikuulizwa. Hatuulizi kama hakimu ameshasema. Tunauliza: siku ya kufunga hesabu, kwa ushahidi ulio mezani, tunadaiwa au hatudaiwi?

Mwongozo huu unafuata kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 37. Kampuni ndogo na za kati zinazotumia IFRS for SMEs zitakuta mambo hayohayo kwenye Sehemu ya 21. Ukiwa kwenye taasisi ya umma pale Mtumba, kwenye mji wa Serikali, kiwango chako ni IPSAS 19, na mantiki yake ni ileile.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Hati ya madai na maelezo ya utetezi ya kila kesi, pamoja na mienendo ya karibuni.
- Barua za madai na notisi za kusudio la kushtaki, hata kama kesi haijafunguliwa.
- Fomu na tuzo za Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa migogoro ya kazi.
- Makadirio ya kodi kutoka Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), barua za pingamizi na risiti za malipo yake.
- Hati za bima, pamoja na barua ambazo kampuni ya bima imekuandikia.
- Mihutasari ya vikao vya bodi ya mwaka mzima na ya miezi iliyofuata.
- Leja ya ada za mawakili.
- Mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema "hili tutalilipa". Bila huyu, hatua ya saba itakushinda.

## Maneno matatu tutakayoyatumia

Tengo ni deni unaloliandika kwenye mizania ingawa kiasi chake au siku ya kulilipa havijulikani kwa uhakika.

Dhima tarajiwa ni deni linaloweza kukuangukia, lakini halijatimiza masharti ya kuingia kwenye mizania. Linaelezwa kwa maneno kwenye maelezo ya hesabu.

Mali tarajiwa ni kinyume chake: fedha unazoweza kuzipata wewe, kwa mfano fidia unayomdai aliyekuuzia mashine mbovu.

Kwa mifano nitatumia kampuni ya kubuni, kiwanda cha kukamua alizeti kilichoko Kizota, kinachofunga mwaka tarehe 31 Desemba.

## Hatua ya 1: Kusanya madai yote, si kesi tu

Anza Novemba, usingoje Januari. Chora jedwali lenye safu hizi: nani anadai, tukio lilitokea lini, anadai kiasi gani, shauri liko wapi, wakili ni nani, bima ipo au haipo.

Kesi zenye namba ya mahakama ni rahisi kuzipata. Shida iko kwenye madai yaliyolala kwenye droo: barua ya mfanyakazi aliyeachishwa, ujumbe wa mteja aliyepata mafuta yaliyoharibika, ajali ambayo dereva aliieleza kwa mdomo tu. Kinachozaa deni ni tukio lililopita. Kufunguliwa kwa kesi hakulizai. Dai la mkataba linaweza kufunguliwa hadi miaka 6 baada ya tukio, na dai la madhara, kama ajali, hadi miaka 3. Ukimya wa leo haujamaliza jambo.

Fungua leja ya ada za mawakili na usome mstari kwa mstari. Kila malipo yana sababu. Ndivyo nilivyowahi kugundua shauri ambalo mhasibu aliyenitangulia katika kampuni moja hakuwahi kuambiwa: wakili alikuwa ameshalipwa mara tatu kwa kuhudhuria, na hakuna aliyeliingiza kwenye orodha.

Walioko taasisi za umma, kumbukeni kwamba anayetaka kuishtaki Serikali hutoa kwanza notisi ya siku 90. Notisi hiyo ikipokelewa kabla ya kufunga mwaka, ni ushahidi tosha wa kuingia kwenye orodha.

*Umefanikiwa kama* mkurugenzi, afisa rasilimali watu na mkuu wa usafirishaji wamesaini orodha na kukiri kwamba hawajui dai lingine.

## Hatua ya 2: Mwandikie wakili barua ambayo hawezi kuijibu kwa sentensi moja

Barua nyingi za mawakili husema, "Tuna imani na utetezi wa mteja wetu." Sentensi hiyo haikusaidii wewe wala mkaguzi. Kosa si la wakili. Uliuliza kwa ujumla, ukajibiwa kwa ujumla.

Uliza hivi, kwa kila shauri:

1. Kwa ushahidi uliopo hadi tarehe 31 Desemba, je, kampuni ina nafasi kubwa zaidi ya kushindwa kuliko kushinda?
2. Kama ikishindwa, kiasi kinachoelekea zaidi kuamriwa ni kipi? Kiwango cha chini na cha juu ni vipi?
3. Gharama za upande wa pili na riba zimo kwenye kiasi hicho au ni za ziada?
4. Malipo yanaweza kudaiwa lini?
5. Je, kuna mazungumzo ya suluhu? Upande wetu umetoa ahadi yoyote, kwa maandishi au kwa mdomo?
6. Ada zenu ambazo hatujalipa hadi tarehe hiyo ni kiasi gani?

Swali la tano lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kampuni ikishamwandikia mdai kwamba iko tayari kulipa milioni 10, ni vigumu tena kumwambia mkaguzi kwamba haioni deni. Kwa kawaida kiasi hicho kinakuwa sakafu ya tengo lako.

Tahadhari: barua iandikwe na kampuni, lakini ruhusu jibu liende moja kwa moja kwa mkaguzi. Viwango vya ukaguzi vinamtaka awasiliane na wakili anapoona kuna hatari kwenye kesi, na jibu lililopitia mikononi mwako lina uzito mdogo.

## Hatua ya 3: Pitisha kila dai kwenye maswali matatu

Kuna wajibu leo unaotokana na tukio lililokwisha kutokea? Lori lako limegonga, mfanyakazi ameshaachishwa, bidhaa zimeshauzwa: jibu ni ndiyo. Hofu ya kushtakiwa kwa jambo ambalo bado hujalifanya haiingii.

Kuna uwezekano mkubwa zaidi wa kulipa kuliko kutolipa? Kipimo ni kuvuka nusu, si kuwa na uhakika.

Kiasi kinaweza kukadiriwa kwa kuaminika? Kiwango kinachukulia kwamba karibu mara zote kinawezekana. "Hatujui hakimu atasemaje" si sababu.

Majibu matatu ya ndiyo: weka tengo. Kama uwezekano haujavuka nusu lakini upo, au kwa nadra kiasi hakikadiriki, basi ni dhima tarajiwa. Eleza kwenye maelezo ya hesabu. Kama uwezekano ni mdogo kiasi cha kutostahili kutajwa, usiandike kitu, ila hifadhi sababu kwenye jalada.

Kiwanda chetu cha Kizota kina mambo manne:

- Wafanyakazi 2 walioachishwa Agosti wako kwenye Tume. Utaratibu haukufuatwa, na wakili anaona kampuni itashindwa. Tengo.
- Lori liligonga ng'ombe 6 karibu na Bahi mwezi Oktoba, na taarifa ya polisi inamwelemea dereva. Tengo.
- TRA imetoa makadirio ya kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya shilingi 60,000,000. Kampuni imepinga, na mshauri wa kodi anaona itashinda. Dhima tarajiwa.
- Jirani anadai 80,000,000 kwa harufu ya mashudu. Hana ushahidi wowote, na wakili anasema shauri halina miguu. Halitajwi.

Tazama vizuri: dai kubwa kuliko yote halikuandikwa, na madogo mawili yameingia kwenye mizania. Ukubwa wa dai hauamui mahali pake.

Neno moja kuhusu viwanja, maana katika mji huu migogoro hiyo ni mingi, na mingine ina mizizi kwenye ugawaji wa miaka ya CDA, mamlaka iliyosimamia ustawishaji wa makao makuu, kabla haijavunjwa mwaka 2017. Mtu akidai kwamba kiwanja chenye kiwanda chako ni chake, unachoweza kupoteza ni mali iliyoko kwenye mizania, wala si fedha za kumlipa. Hapo jiulize kama thamani ya ardhi na jengo imeshuka, kisha ueleze shauri. Tengo linabaki kwa fidia au gharama utakazoamriwa kulipa.

## Hatua ya 4: Kadiria kiasi

Kwa shauri moja, anza na matokeo yanayoelekea zaidi kutokea, kisha uangalie kama matokeo mengine yanakuvuta juu au chini. Wafanyakazi wetu 2 walikuwa na mshahara wa 450,000 kila mmoja kwa mwezi. Wanadai miezi 36 kila mmoja, yaani 32,400,000. Wakili anakadiria miezi 12 pamoja na mwezi 1 wa notisi: 450,000 × 13 × 2 = 11,700,000. Tengo ni 11,700,000.

Kwa madai mengi yanayofanana, tumia wastani wenye uzito. Tuseme wateja 40 walipata madumu yaliyovuja, kila mmoja anadai 300,000. Uzoefu wa kampuni unaonyesha asilimia 60 hulipwa zote, 25 hulipwa nusu na 15 hawalipwi. Hesabu ni 24 × 300,000 = 7,200,000, ongeza 10 × 150,000 = 1,500,000. Tengo ni 8,700,000.

Malipo yakiwa mbali na kiasi ni kikubwa, yarudishe kwenye thamani ya leo. Milioni 50 zitakazolipwa baada ya miaka 2, kwa kiwango cha asilimia 12, ni takriban 39,860,000 leo. Tofauti inaingia polepole kama gharama ya fedha. Kwa shauri litakaloisha ndani ya mwaka mmoja, usijisumbue.

Riba isisahaulike. Hukumu ya madai ikishatolewa, kiasi kilichoamriwa huzaa riba ya asilimia 7 kwa mwaka hadi kilipwe, isipokuwa wahusika walikubaliana kiwango kingine. Nimeona kampuni ikibeba tengo lilelile kwa miaka minne baada ya hukumu, kisha ikashtuka siku ya kukazwa kwa hukumu, yaani ilipolazimishwa kulipa.

Tahadhari kubwa: usiongeze "kidogo cha akiba". Tengo lililojazwa makusudi mwaka wa faida nzuri, ili lifunguliwe mwaka mbaya, ni udanganyifu. Na usitumie tengo la kesi moja kulipia nyingine.

## Hatua ya 5: Bima iandike peke yake

Kosa la kawaida ni kusema, "Bima italipa, kwa hiyo hatuna deni." Mfugaji wa Bahi anakudai wewe. Bima ni mtu mwingine kabisa.

Anadai 15,000,000. Wakili anakadiria ng'ombe mmoja 1,500,000, jumla 9,000,000. Kampuni ya bima imeandika barua kukubali 7,000,000. Andika tengo la 9,000,000, na mali ya 7,000,000 kwenye mstari wake. Kwenye taarifa ya faida na hasara unaruhusiwa kuonyesha gharama halisi ya 2,000,000. Kwenye mizania huruhusiwi kuzikata.

Mali hiyo inaingia pale tu ambapo kupokea ni karibu hakika. Kama bima bado "inachunguza", andika tengo pekee. Na mali isizidi tengo lenyewe.

## Hatua ya 6: Pitisha kwenye leja

Kwa wafanyakazi:

Debiti: Gharama za madai ya kazi 11,700,000
Krediti: Tengo la kesi 11,700,000

Kwa ajali:

Debiti: Gharama za madai ya ajali 9,000,000
Krediti: Tengo la kesi 9,000,000
Debiti: Fidia inayodaiwa kwa bima 7,000,000
Krediti: Gharama za madai ya ajali 7,000,000

Fungua akaunti ndogo kwa kila shauri. Ada ya wakili kwa kazi iliyokwisha kufanyika ni deni la kawaida. Ada ya vikao vijavyo subiri vifanyike.

## Hatua ya 7: Suluhu nje ya mahakama

Hati ya suluhu ikishasainiwa, kiasi na tarehe vinajulikana. Lililokuwa tengo sasa ni deni kamili, lihamishie huko.

Hapa ndipo watu huandika mara mbili. Msambazaji wa mbegu kutoka Kongwa aliidai kampuni 28,000,000, mbegu pamoja na riba na gharama. Ankara yake ya 20,000,000 ilikuwa tayari kwenye wadai. Tarehe 18 Desemba wakakubaliana 23,000,000: 8,000,000 papo hapo, zilizobaki kwa awamu 5 za 3,000,000. Gharama mpya ni 3,000,000 tu. Mhasibu akiingiza 23,000,000 juu ya 20,000,000 za zamani, amemuongezea mwajiri wake hasara isiyokuwepo. Deni la kufungia mwaka ni 15,000,000.

Suluhu ikiwa chini ya kilichokuwa kwenye vitabu, punguza deni pale tu hati iliyosainiwa inapokuachilia kisheria. Ahadi ya mdomo ya "tutakusamehe" haipunguzi kitu.

Soma masharti hadi mwisho. Ukikubali kumpa mdai madumu 100 ya mafuta juu ya fedha, gharama ya madumu hayo ni sehemu ya suluhu.

## Hatua ya 8: Kodi ina njia yake

Anayepinga makadirio ya TRA hutakiwa kulipa theluthi 1 ya kodi iliyokadiriwa au kiasi asichokipinga, kilicho kikubwa kati ya hivyo. Kiwanda chetu kililipa 20,000,000. Kwa kuwa kampuni inaamini itashinda, hiyo ni mali, inayosubiri kurudishwa au kufidia kodi nyingine. Usiitupe kwenye gharama.

Mgogoro ukiwa wa kodi ya mapato ya kampuni, IAS 37 haihusiki. Nenda IAS 12, kiwango cha kodi ya mapato, na tafsiri yake ya IFRIC 23, inayotumika tangu mwaka 2019.

Kwenye hesabu ya kodi ya mapato, tengo lenyewe halipunguzi kodi ya mwaka huu. Lirudishe kwenye faida, kisha uangalie kodi iliyoahirishwa, yaani punguzo la kodi utakalolipata dai likishalipwa: 11,700,000 × asilimia 30 = 3,510,000, mradi kampuni inatarajia faida ya kuitumia. Faini za Serikali kwa kuvunja sheria hazipunguzi kodi hata zikishalipwa, kwa hiyo hazina kodi iliyoahirishwa.

## Hatua ya 9: Angalia yaliyotokea baada ya 31 Desemba

Kabla wakurugenzi hawajasaini, rudi kwenye orodha. Tuzo ya Tume ikitoka tarehe 20 Februari kwa 14,500,000, inathibitisha hali iliyokuwepo Desemba. Rekebisha hesabu za mwaka uliokwisha kwa kuongeza 2,800,000. Ajali iliyotokea tarehe 10 Januari ni ya mwaka mpya. Itaje kwenye maelezo kama ni kubwa, usiguse takwimu.

## Hatua ya 10: Andika maelezo ya hesabu bila kumpa mpinzani silaha

Wakurugenzi huniuliza hili kuliko lolote: "Tukiandika kwamba tutashindwa, si mdai atatumia ukurasa huo mahakamani?" Hofu yao ina msingi, na kiwango kinaitambua.

Njia ya kwanza ni kujumlisha madai ya aina moja. Onyesha "Madai ya kisheria" kwa jumla: salio la mwanzo, nyongeza, yaliyolipwa, yaliyofutwa na salio la mwisho. Kwa kiwanda chetu, tengo la ajali na la wafanyakazi linasomeka 20,700,000. Hakuna anayejua lipi ni la nani.

Njia ya pili ni ya nadra mno: kama kufichua kutaharibu vibaya msimamo wako, unaweza kuacha undani wa maelezo. Hata hivyo utaje mgogoro ni wa aina gani na kwa nini umeacha. Tengo lenyewe halifutwi kwa sababu hiyo.

Kwa dhima tarajiwa, maneno kama haya yanatosha:

> "Hadi tarehe 31 Desemba kampuni ilikuwa imepinga makadirio ya kodi ya ongezeko la thamani ya shilingi 60,000,000. Kwa ushauri wa mshauri wake wa kodi, wakurugenzi wanaona pingamizi linaelekea zaidi kukubaliwa, hivyo hakuna tengo lililowekwa. Shilingi 20,000,000 zilizolipwa wakati wa kupinga zimeonyeshwa kama mali. Muda wa kupatikana kwa uamuzi haujulikani."

Mali tarajiwa huelezwa tu kama kupata kunaelekea zaidi, na haiingii kwenye mizania hadi iwe karibu hakika. Ila usichanganye: shule iliyochukua mafuta kwa mkopo ikagoma kulipa ni mdaiwa wa kawaida, hata kama umeishtaki. Hiyo iko kwenye wadaiwa tayari. Kinachobaki ni kupima kama italipika.

## Hatua ya 11: Jalada la mkaguzi, na mwaka unaofuata

Kwa kila shauri weka karatasi moja: majibu ya maswali matatu, hesabu ya kiasi, barua ya wakili, ingizo la leja. Ya jirani na harufu ya mashudu iwemo pia, kwa sababu mkaguzi ataiuliza.

Mwaka ujao pima upya kila tengo. Uwezekano ukishuka chini ya nusu, lifute na faida iingie mwaka huo. Kilicholipwa kipitishe kwenye tengo lake, kisiende tena kwenye gharama.

Kisha mpe karatasi hizo mtu ambaye hakushiriki kuziandaa, na umwombe akuambie kila takwimu imetoka wapi. Akiweza kufanya hivyo bila kukuuliza, peleka hesabu kwa mkaguzi.